Kabla ya Kubandika Vigae: Kutengeneza Bafu Mwenyewe Namakwekwe

Kama nyumba yako iko Namakwekwe, hapa jijini Mbale, na umeamua kulitengeneza bafu kwa mikono yako, pesa ya kwanza iende sakafuni. Vigae ndivyo vinavyosifiwa na wageni, lakini uimara wa bafu umo chini yake, na hapo ndipo wengi wetu hubana matumizi.

Anza na mteremko. Kila mita moja ya sakafu ishuke sentimita moja hadi mbili kuelekea kwenye tundu la kutolea maji. Tumia uzi na pima maji, usikadirie kwa jicho. Zege likishakaza, mwaga ndoo ya maji uone yanatuama wapi. Kidimbwi kinachoonekana leo hurekebishwa kwa mwiko na saruji kidogo. Kikionekana baada ya vigae, itabidi uvunje.

Mchanga uchekeche, usiwe na udongo. Saruji huwa ngumu kwa kushikana na maji, kwa hiyo ikikaushwa haraka na jua hupasuka na kutoa vumbi. Imwagilie kila siku kwa muda wa siku 7, au ifunike kwa magunia yaliyolowa. Najua familia inasubiri kuoga, lakini siku hizo usizipunguze.

Kisha paka dawa ya kuzuia maji, mikono miwili, sakafuni na ukutani. Penye bomba la mvua ipande hadi juu ya kichwa cha mtu. Pembe ambapo ukuta unakutana na sakafu zipake kwa uangalifu zaidi, kwa kuwa nyufa huanzia hapo. Ikikauka, ziba tundu kwa kitambaa kilichofungwa vizuri, jaza maji ya kina cha sentimita 2 au 3, uyaache saa 24. Ukuta wa chumba cha pili ukilowa, bado hujamaliza. Kwa maoni yangu hili ndilo jaribio lenye faida kuliko yote, na gharama yake ni maji tu.

Bomba la choo liwe la inchi 4, la maji ya kuogea inchi 2. Kila tundu liwe na mkunjo unaobaki na maji ndani, maana maji hayo ndiyo yanayozuia harufu kurudi. Kabla ya kuchimba shimo la maji taka, liulize shirika la maji, NWSC, kama bomba la maji taka linapita karibu nawe.

Weka valvu ya kufungia maji ya bafu peke yake, na tangi la akiba. Mwishoni mwa Julai 2022, mito Nabuyonga na Namatala ilipofurika, mabomba yaliharibika na sehemu kubwa ya Mbale ikakosa maji. Mwenye tangi alipumua.

Umeme usiuguse. Hita ya maji ya kuogea inahitaji waya wa ardhi, swichi yake yenyewe na kifaa kinachokata umeme unapovuja. Mwite fundi mwenye kibali cha Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme, ERA, na umwombe akuonyeshe kibali hicho kabla hajafungua sanduku la vifaa.