Kupaka kucha rangi nyumbani: Msimu wa joto usikuletee mdudu wa kidole

Jua la Januari na Februari linapowaka, akina dada wengi wa Nairobi na Mombasa huweka kando viatu vya kufunika na kuvaa vya wazi. Vidole vya miguu vilivyokuwa vimefichika tangu baridi ya Julai huonekana tena, na mwenye kucha zilizochakaa huona haya hata ndani ya matatu. Hapo ndipo chupa ndogo za rangi hutolewa kabatini, na vijana wanaotembeza vikapu vya rangi mitaani hupata kazi tele.

Si vibaya hata kidogo mtu kupendeza. Lakini ukurasa huu ni wa afya, na madhara ninayotaka tuyazungumzie leo hayatokani sana na rangi yenyewe. Mengi hutokana na yale tunayoyafanya kabla ya kufungua chupa, na yale tusiyoyafanya baada ya kuitoa rangi.

Nakumbuka nilipokuwa nikijiandaa kwa harusi ya binamu yangu. Nilichukua kimkasi nikakata ile ngozi nyembamba iliyo kwenye shina la ukucha, ambayo humfanya mtu aonekane kana kwamba hakunawa vizuri. Kucha zilipendeza kweli. Siku ya tatu kidole gumba kilianza kupwita, usiku sikupata usingizi, na mwishowe daktari alilazimika kukipasua ili usaha utoke. Harusini nilikwenda na bendeji.

Ugonjwa huo watu wengi huuita mdudu wa kidole, ingawa hakuna mdudu wa kuonekana kwa macho. Ni bakteria, na wengi wao huishi juu ya ngozi zetu kila siku bila kutudhuru. Wanangoja tu mlango ufunguliwe.

Ngozi ile si uchafu

Mlango wenyewe ni ile ngozi nyembamba ya shina. Kazi yake ni kuziba nafasi iliyopo kati ya ukucha na nyama, mfano wa simiti inayoziba ufa kati ya sinki na ukuta. Ukiikata, maji ya vyombo, sabuni ya kufulia na vijidudu hupenya hadi pale ukucha unapotengenezwa. Anayefua au kuosha vyombo kutwa huwa katika hatari kubwa zaidi, kwani ngozi iliyolowa kwa muda mrefu hulegea, na kuvu nayo ikapata makao.

Basi usiikate. Baada ya kuoga, ngozi ikiwa imelainika, isukume nyuma taratibu kwa ncha ya taulo, kisha upake mafuta ya nazi au Vaseline. Kikiwapo kipande kilichochanika na kuning'inia pembeni, kata hicho peke yake kwa kimkasi kisafi. Usikivute kwa meno.

La kuchekesha ni kwamba wengi wetu huita rangi yoyote ya kucha Cutex, hata kama chupa ina jina jingine kabisa. Kampuni hiyo ya Marekani ilipoanza mwaka 1911 haikuuza rangi, bali dawa ya kuondoa ngozi hiyo hiyo ninayokuomba uiache. Rangi ya maji waliitoa mwaka 1917.

Kidole kikianza kuwa chekundu na kuuma, kitumbukize katika maji ya uvuguvugu kwa dakika 15, mara tatu au nne kwa siku. Usikitoboe kwa sindano ya kushonea. Ukiona usaha, au uvimbe ukipanda kuelekea kiganjani, nenda zahanati siku hiyo hiyo. Mwenye ugonjwa wa kisukari asingoje hata kidogo, hasa ikiwa ni kidole cha mguu.

Rangi zipi?

Sasa tuje kwenye raha yenyewe. Kule Ulaya na Marekani rangi za msimu wa joto hutoka Juni, na magazeti yao huonyesha waridi hafifu na urujuani uliopauka kwenye vidole vyeupe. Ukizinunua hizo kwa kufuata picha unaweza kujuta, maana rangi yenye maziwa mengi, ikikaa kwenye ngozi nyeusi, mara nyingi huonekana kama chaki. Ngozi zetu hubeba vizuri rangi zilizokolea: chungwa, manjano ya embe bivu, feruzi, zambarau, dhahabu. Nyeupe kabisa nayo hupendeza, kuliko nyeupe iliyochanganywa na kijivu. Na damu ya mzee haijawahi kumwangusha mtu, iwe jua au mvua.

Ukitaka kujaribu rangi mpya, usipake vidole vyote kumi. Paka ukucha wa kidole gumba kimoja, toka nje uutazame kwenye mwanga wa jua, kwa sababu taa ya dukani hudanganya. Unaweza pia kupaka mikono rangi ya upole ya kwendea kazini, na ile ya makelele ukaiweka miguuni, ambako meneja hatazami.

Anayepika chakula cha kuuza, au anayehudumia wagonjwa, afadhali aache vidole vya mikono bila rangi. Rangi iliyobanduka huangukia unga wa chapati bila mpishi kujua, na Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009, liliwataka wahudumu wa afya wawe na kucha fupi za asili, si za bandia.

Namna ya kupaka

Toa kwanza rangi ya zamani. Kata kucha, za miguu zikatwe moja kwa moja, bila kuchimba pembeni, la sivyo zitaota zikiingia nyamani. Laini ncha kwa tupa ndogo ukienda upande mmoja tu, si mbele na nyuma kama msumeno.

Hapa wengi hukosea: huloweka vidole kwenye beseni, kisha hupaka rangi papo hapo. Ukucha hunywa maji ukavimba kidogo, na unapokauka hurudi udogo wake wa awali, rangi ikabaki bila mshiko. Ndiyo maana hubanduka kesho yake. Loweka ukipenda, lakini subiri ukucha ukauke kabisa, halafu upanguse kwa pamba yenye dawa ya kutolea rangi ili mafuta yaondoke.

Anza na mpako mmoja usio na rangi. Huo ndio unaozuia rangi nzito, hasa nyekundu, kuacha ukucha na umanjano. Umanjano huo kwa kawaida hauna madhara, huondoka ukucha unapokua, lakini huwatia watu wasiwasi bure.

Usitikise chupa ya rangi, itajaa mapovu. Izungushe kati ya viganja. Chovya brashi, ifute kwenye mdomo wa chupa, kisha piga mstari mmoja katikati na mmoja kila upande, ukiacha nafasi nyembamba kama uzi karibu na ngozi. Ngoja dakika mbili tatu, urudie. Mipako miwili myembamba ni bora kuliko mmoja mnene, na wakati wa joto mnene hufanya mapovu upesi. Malizia na mpako wa kung'arisha, ukipitisha brashi hadi kwenye makali ya ukucha. Hata ukiona imekauka, rangi huchukua saa kadhaa kuwa ngumu, kwa hivyo usipake ukiwa karibu kulala.

Fanya kazi hii dirisha likiwa wazi, na mbali na moto. Jambo hili nalisisitiza kwa sababu ya nyumba zetu za chumba kimoja. Asetoni iliyo katika dawa nyingi za kutolea rangi hushika moto kwa urahisi sana, na mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hivyo husambaa juu ya meza au sakafuni bila kuonekana. Stima ikipotea ukawasha mshumaa, funga chupa uiweke mbali. Vivyo hivyo kwa jiko la mafuta taa.

Jambo jingine ni wembe. Katika familia nyingi wembe mmoja hukata kucha za mama, watoto na shangazi aliyekuja kutembea. Virusi vya homa ya ini aina ya B huambukizwa kwa damu, hata tone dogo, na vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi. Kila mtu awe na wembe au kikata kucha chake. Na ukipakwa kucha mtaani au saluni, nenda na vifaa vyako. Hakuna mwenye haki ya kukasirika.

Jeli na piko

Siku hizi zinauzwa taa ndogo za kukaushia rangi ya jeli nyumbani. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walichapisha majaribio ya maabara ambamo seli zilizowekwa chini ya taa hizo kwa dakika 20 zilikufa kati ya 20 na 30 katika kila 100. Hayo yalikuwa maabara, si mikononi mwa watu, na hayathibitishi kwamba taa hizo huleta saratani. Hata hivyo, anayezitumia avae glavu zilizokatwa ncha. Jeli ambayo haijakauka ikigusa ngozi inaweza pia kuleta mzio wa kudumu. Na isibanduliwe kwa nguvu, maana hutoka na tabaka la ukucha.

Dada zetu wa Pwani wana njia yao ya zamani. Hina haikai juu ya ukucha, bali huingia ndani yake, na kwa kuwa haizuii maji, Waislamu wengi huipendelea kwa ajili ya udhu. Hina halisi hutoa rangi ya chungwa hadi hudhurungi. Piko nyeusi ni kitu kingine. Mara nyingi huwa ni rangi ya kupaka nywele, yenye kemikali inayoweza kuunguza ngozi hadi ikatoa malengelenge na kuacha makovu. Mtu akishaathirika nayo mara moja, hata rangi ya nywele inaweza kumdhuru baadaye.

Acha ukucha upumzishe macho yako

Ukucha wa mkono hukua karibu milimita 3 kwa mwezi, wa mguu polepole zaidi. Wako watu wanaopaka rangi mpya dakika ile ile waliyotoa ya zamani, mwaka mzima, bila kuuona ukucha wao. Kati ya rangi moja na nyingine, acha siku kadhaa, utazame.

Unatazama nini? Ukucha ulioinuka kutoka nyamani, ulionenepa na kumong'onyoka kwa kuvu, au wenye mstari mweusi. Mistari myeusi ni ya kawaida kwetu Waafrika, hasa ikiwa kwenye vidole vingi. Lakini mstari ulioanza kwenye kidole kimoja, unaopanuka, au weusi unaoingia hadi kwenye ngozi, mwonyeshe daktari. Mwanamuziki Bob Marley aligunduliwa kuwa na saratani ya ngozi chini ya ukucha wa kidole cha mguu mwaka 1977. Ilimuua mwaka 1981, akiwa na umri wa miaka 36.

Na ukiitwa hospitali kwa upasuaji, toa rangi nyumbani kabla ya kuondoka. Wauguzi hutazama kucha ili kujua hali ya mgonjwa, na rangi nzito huweza kukipotosha kile kifaa cha kubana kidole kinachopima oksijeni.