Karani Mbele ya Kompyuta: Funzo Kutoka Kiwanda cha Mikate

Wanafunzi wengi wa shule za sekondari huamini kwamba kazi ya kompyuta ofisini ni ya yule tu aliyesomea kompyuta katika chuo kikuu. Imani hiyo humfanya mwanafunzi wa historia au wa biashara ajitoe mapema katika kazi ambayo pengine angeiweza vizuri. Historia ya kompyuta ya kwanza kutumika katika shughuli za kawaida za ofisi yaonyesha kwamba mambo hayakuanza hivyo.

Kompyuta ya wauza chai

Kampuni ya J. Lyons ya Uingereza ilikuwa ikioka mikate na keki, na kuendesha mikahawa ya chai. Faida ipatikanayo katika kikombe kimoja cha chai ni ndogo mno. Kwa hiyo gharama ya kuandika hesabu zake haina budi kuwa ndogo zaidi. Mwaka 1947 maofisa wawili wa kampuni hiyo walikwenda Marekani kuchunguza mbinu za kazi za ofisini. Huko wakaarifiwa kwamba Chuo Kikuu cha Cambridge, nchini mwao wenyewe, kilikuwa kikiunda kompyuta iitwayo EDSAC. Kampuni ikakisaidia chuo kwa paundi 3,000 na fundi mmoja, kisha ikaunda mashine yake kwa kufuata mfano huo. Iliitwa LEO, kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya Ofisi ya Kielektroniki ya Lyons. Mnamo Novemba 1951 ilianza kazi ya kila wiki ya kukadiria thamani ya bidhaa za viwanda vya mikate.

LEO ilikuwa na maelfu ya valvu, na ilihifadhi tarakimu katika mirija ya zebaki. Umeme uligeuzwa kuwa mapigo ya sauti upande mmoja wa mrija, na sauti ikafika upande wa pili ikageuzwa tena kuwa umeme na kurudishwa mwanzo. Sauti husafiri katika zebaki kwa mwendo wa mita 1,450 hivi kwa sekunde; hivyo mrija wa mita 1.5 huishikilia kwa muda wa kama sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kwa kuzungushwa bila kukoma, tarakimu hazikupotea. Nafasi ya hifadhi hiyo ilikuwa finyu, na kila amri iliyoandikwa ilipaswa kupimwa.

Waliochaguliwa

Ujenzi wa mashine uliongozwa na John Pinkerton, mtaalamu wa fizikia. Lakini ni nani wangeiandikia programu? Wakati huo hapakuwa na shule ya fani hiyo. Kampuni iliandaa kozi fupi kwa ajili ya wafanyakazi wake, ikawapa mazoezi magumu, kisha ikawachagua wachache walioonyesha uwezo wa kufikiri kwa utaratibu.

Mary Coombs, aliyejiunga na kikundi hicho mwaka 1952, alikuwa amesomea Kifaransa na historia. Frank Land, aliyejiunga mwaka huohuo, alikuwa amesomea uchumi na kufanya kazi ya ukarani katika ofisi ya takwimu ya kampuni; baadaye akawa profesa wa mifumo ya habari. David Caminer, aliyesimamia kazi ya programu, aliingia katika kampuni mwaka 1936 kama mwanagenzi wa uongozi, bila shahada yoyote. Aliijua njia ya kila karatasi, tangu inapoandikwa hadi inapowekwa katika jalada.

Ujuzi wa kazi yenyewe

Faida ya ujuzi huo ilionekana katika kazi mbili. Ya kwanza ni mishahara, iliyoanza kutegemea LEO mwanzoni mwa mwaka 1954. Karani mzoefu alihitaji kama dakika 8 kukokotoa malipo ya mfanyakazi mmoja. LEO ilihitaji sekunde 1.5. Hata hivyo kuzidisha saa kwa kiwango cha malipo ni sehemu nyepesi. Je, mfanyakazi aliyeugua wiki nzima akatwe wapi deni lake? Aliyehamishwa katikati ya wiki alipwe kwa kiwango kipi? Maswali kama hayo huyajua yule aliyeketi katika ofisi ya mishahara, na programu isiyoyajibu humdhulumu mtu riziki yake.

Kazi ya pili ilikuwa kupeleka vyakula katika mikahawa. Awali wasimamizi wa mikahawa walijaza fomu ndefu kila siku. Waandaaji wa programu waligundua kwamba mahitaji ya siku moja hufanana sana na ya siku nyingine. Basi kila mkahawa ukawekewa agizo la kudumu, na msimamizi akatakiwa kutaja kwa simu mabadiliko tu. Karani aliyepokea simu aliyatoboa papo hapo katika kadi, na kadi hizo zikaingizwa katika LEO. Mbinu hiyo ilitokana na kuitazama kazi kwa makini kabla ya kuigusa mashine.

Njia ya mwanafunzi wa sasa

Mashine zimebadilika kabisa, na zipo kazi, kama kusanifu vifaa vya kielektroniki, zinazodai masomo marefu ya sayansi. Lakini mtunza bohari anayejua kwa nini hesabu ya mali haiafikiani na daftari, au karani wa hospitali anayejua kadi za wagonjwa hupotelea wapi, tayari ana nusu ya ujuzi unaotakiwa. Nusu ya pili hujifunzwa kwa hatua: kwanza majedwali ya hesabu, kisha hifadhidata, programu na mitandao. Mary Coombs hakusamehewa hesabu za mfumo wa tarakimu mbili kwa kuwa alisomea Kifaransa, ilimpasa kujifunza. Aidha, ni lazima kuandika maelezo ya kila kazi, kumpa mwenzio aikague, na kuijaribu sambamba na njia ya zamani kabla ya kuiamini.

Zoezi

Mwalimu awagawe wanafunzi katika makundi. Kila kundi lichague kazi moja ya shuleni, kama vile kugawa vitabu au kupokea ada, na kuandika hatua zake zote kwa zamu, pamoja na maswali yanayojibiwa kwa ndiyo au siyo. Kisha kundi jingine lizifuate hatua hizo bila kuuliza lolote. Pale watakapokwama ndipo penye kosa. Atakayeweza kulipata kosa hilo na kulisahihisha ameianza kazi ya kompyuta, hata kama darasa lake halina kompyuta.