Amri ya Nane na Mashahidi wa Minneapolis

Tukifundisha Amri ya Nane twazoea kusema habari za masengenyo na uongo wa nyumbani. Ni vema, walakini amri hii ina upande mwingine, nao ni wajibu wa kuisema kweli tuliyoiona kwa macho, hata mbele ya wenye nguvu. Habari iliyotokea Minneapolis, mji wa Marekani, yatufaa kwa somo hili.

Tarehe 25 Mei 2020 askari wa polisi walimkamata George Floyd, mtu mweusi wa miaka 46, aliyeshukiwa kununua sigara kwa noti bandia ya dola 20. Wakamfunga pingu, wakamlaza kifudifudi barabarani, na askari mmoja, Derek Chauvin, akamkandamiza shingoni kwa goti muda wa dakika 9 na nukta 29. Floyd alilia kwamba hawezi kupumua, akamwita mama yake. Kisha akanyamaza, wala goti halikuondolewa.

Sasa waangalieni waliosimama kando. Mzee wa miaka 61 aliwasihi askari. Mwanamke mmoja, mzima moto asiyekuwa kazini siku ile, aliomba ruhusa ampime mapigo ya moyo, akakataliwa. Binti wa miaka 17 akainua simu yake, akapiga picha za mambo yale, asiondoke. Hawakuwa na silaha, wala hawakumgusa askari yeyote.

Usiku ule polisi walitoa taarifa kwamba mtu mmoja amekufa, naye alionekana kuwa na shida ya afya alipokamatwa. Goti halikutajwa. Kama si picha za yule binti, huenda taarifa ile ndiyo ingaliandikwa vitabuni hata leo.

Kesho yake watu wakajaa njiani kudai haki, na maandamano yakaenea Marekani yote na nchi nyingine nyingi. Wengi walikwenda kwa amani. Wengine wakachoma maduka, na usiku wa tarehe 28 wakachoma kituo cha polisi. Mimi siwezi kuita haki kulichoma duka la jirani. Lakini asimuliaye moto tu, na kunyamaza habari ya goti, ameshuhudia nusu. Karibu na kituo kile lipo kanisa la Kilutheri, Holy Trinity. Milango yake ilifunguliwa, waliojeruhiwa wakatibiwa humo.

Mwaka 2021 mashahidi wakaitwa mahakamani, hata mtoto wa miaka 9 aliyekuwapo. Tena mkuu wa polisi wa mji, Medaria Arradondo, akashuhudia kwamba Chauvin alivunja kanuni za kazi. Jambo hili ni gumu kuliko tunavyodhani, kushuhudia juu ya mtu wa kundi lako mwenyewe. Tarehe 20 Aprili watu 12 waliochaguliwa kuamua wakamwona Chauvin ana hatia ya kuua. Mwezi wa Juni akahukumiwa kifungo cha miaka 22 na nusu. Wenziwe watatu nao wakafungwa baadaye, maana walikuwapo wasimwokoe.

Walimu, waulizeni wanafunzi wenu: katika mzee, mzima moto, binti na mkuu wa polisi, ni nani aliyehatarisha zaidi kwa kusema kweli? Waacheni wabishane.