Sumu Iliyomezwa

Mtu akimeza sumu, au akinywa dawa kupita kipimo, sumu nyingi hazimdhuru sana maadamu zingali tumboni. Humdhuru zikiisha kuingia katika damu. Basi tangu zamani waganga walitafuta njia za kuizuia sumu isifike huko. Njia zilizo mashuhuri ni tatu.

Ya kwanza ni kutapisha. Huko Marekani wazazi walishauriwa kwa miaka mingi waweke nyumbani dawa ya kutapisha itokayo katika mizizi ya mmea uitwao ipeka. Lakini ilionekana kwamba mtu hutapika na sumu nyingine hubaki. Tena, aliyekunywa mafuta ya taa akitapishwa, mafuta huweza kuingia mapafuni. Na aliyekunywa maji makali ya betri huchomwa koo mara ya pili. Mwaka 2003 chama cha madaktari wa watoto wa nchi ile kiliwashauri wazazi waache kutumia dawa hiyo.

Ya pili ni kuosha tumbo. Daktari hupitisha mpira kinywani hata tumboni, hutia maji, kisha huyatoa. Mpira huo waweza kujeruhi umio, na maji yaweza kuingia mapafuni. Kwa hiyo siku hizi kazi hii hufanywa kwa nadra, na hospitalini tu.

Ya tatu ni makaa ya dawa. Haya si makaa ya jikoni, bali ni unga mweusi uliotengenezwa hata ukawa na vitundu vingi mno visivyoonekana kwa macho. Sumu hunata humo, ikapita matumboni pamoja na makaa, ikatoka chooni. Yasimuliwa kwamba mwaka 1831 Mfaransa mmoja mfanya dawa, jina lake Touéry, alimeza strikinini, sumu iuayo upesi, pamoja na makaa, mbele ya wataalamu, wala hakufa. Hata hivyo makaa hayashiki sumu zote: chuma, pombe na mafuta ya taa hayashikwi vema. Tena hufaa zaidi yakinywewa kabla ya saa moja kupita, na mgonjwa sharti awe macho aweze kumeza.

Katika njia hizi tatu, makaa ndiyo yatumikayo zaidi leo; lakini hakuna hata moja iliyo kazi ya mtu asiye mganga. Mtoto akinywa mafuta ya taa yaliyotiwa katika chupa ya soda, asitapishwe, wala asinyweshwe maziwa. Apelekwe hospitali mara moja, na chupa ile ichukuliwe pamoja naye, ili daktari ajue ni sumu gani, na saa ngapi ilinywewa aambiwe. Akizimia, alazwe ubavu. Tahadhari kabla ya hatari: sumu isitiwe kamwe katika chombo cha kunywea.

MASWALI
1. Kwa nini aliyekunywa mafuta ya taa asitapishwe?
2. Makaa ya dawa yazuiaje sumu?
3. Taja sumu mbili zisizoshikwa vema na makaa.
4. Kwa nini chupa ya sumu ipelekwe hospitali?