Pumzi Inapokatika Usingizini

Je, nyumbani kwako yuko mtu anayekoroma sana usiku? Huenda ni baba, huenda ni mama, huenda ni wewe mwenyewe. Watu hucheka na kusema, "Huyo kalala fofofo." Lakini siyo kila anayekoroma analala. Wengine wanahangaika usiku kucha, na wenyewe hawajui.

Tumchukue bwana mmoja, fundi seremala. Ni mfano tu, kwa hiyo jina hatumpi. Ana miaka 52, shingo nene, na mwili umeongezeka. Usiku anakoroma mpaka jirani anasikia. Halafu, ghafula, kimya. Mkewe anahesabu moyoni: moja, mbili, tatu. Anafika ishirini. Hakuna pumzi. Kisha bwana anashtuka kama mtu aliyekuwa anazama majini. Anavuta hewa kwa kishindo, anageuka upande wa pili, anaanza kukoroma tena.

Asubuhi kichwa kinamuuma na kinywa kimekauka. Saa nne anasinzia huku ameshika msumeno. Kwenye mkutano wa kijiji analala kabla mwenyekiti hajamaliza salamu. Watu wanasema ni mvivu. Wazee wengine wanasema usiku anakabwa na jinamizi.

Siyo uvivu, wala siyo jinamizi. Ni ugonjwa. Madaktari wanauita apnia ya usingizi, maana yake ni kukatika kwa pumzi mtu akiwa amelala.

Pumzi inakatikaje?

Tafuta mpira wa ndani wa baiskeli usio na upepo. Utazame. Kuta zake zimelaliana. Ukiweka mdomo na kuvuta hewa, ndiyo kwanza zinazidi kushikana. Sasa tia upepo kidogo tu. Kuta zinaachana, na njia inafunguka.

Koo letu nalo lina kuta laini. Tukiwa macho, misuli inalishikilia wazi. Tukilala, misuli inalegea. Kwa watu wengine inalegea mno. Ulimi unarudi nyuma, kimeo kinaning'inia, kuta za koo zinakutana. Hewa ikipita kwa shida, ndiyo mkoromo. Ikishindwa kabisa kupita, ndiyo kile kimya. Ubongo unaona hewa safi imepungua katika damu, unapiga kelele: amka! Mtu anaamka nusu, koo linafunguka, anapumua, analala tena. Asubuhi hakumbuki kitu.

Wataalamu huhesabu pumzi iliyokatika au kupungua sana kwa sekunde 10 au zaidi. Kwa mtu mzima, chini ya mara 5 kwa saa si ugonjwa. Mara 30 au zaidi kwa saa, ugonjwa ni mkali. Hebu tufanye hesabu. Mtu anakatika pumzi mara 30 kwa saa, naye amelala saa 7. Zidisha 30 kwa 7. Ni mara 210 kwa usiku mmoja! Hebu fikiria mtu akikugusa bega mara 210 usiku, kesho utashika msumeno vizuri?

Ugonjwa huu unakwenda pamoja na presha ya damu kupanda. Tena ni hatari barabarani. Dereva anayesinzia haui nafsi yake peke yake.

Mashine ilitoka wapi?

Zamani, mgonjwa aliyezidiwa alikuwa na dawa moja ya uhakika. Alitobolewa tundu shingoni, chini ya mahali panapoziba, akapumulia hapo usiku. Tundu hilo lilimsaidia, lakini nani alilipenda?

Mwaka 1980, mjini Sydney, nchi ya Australia, alikuwako daktari aitwaye Colin Sullivan. Alikuwa na mgonjwa mmoja, fundi wa ujenzi, mwenye apnia kali. Mgonjwa huyo alielezwa habari ya tundu la shingoni, akakataa. Lakini alikubali kujaribu kitu kingine kwa usiku mmoja. Dr. Sullivan alichukua mota ya mashine ya kufyonza vumbi, akaifanya ipulize badala ya kufyonza. Akaunganisha mpira mpaka kwenye kifuniko cha puani. Mgonjwa alipolala, daktari akaongeza msukumo wa hewa kidogo kidogo. Koo likafunguka, pumzi ikatulia. Akipunguza msukumo, koo linaziba. Akiongeza, linafunguka. Ni kama ule mpira wetu wa baiskeli. Asubuhi mgonjwa aliamka akiwa mchangamfu.

Mwaka 1981 habari za wagonjwa 5 waliotibiwa hivyo zilitolewa katika gazeti la madaktari liitwalo The Lancet. Mashine za kwanza zilikuwa kubwa na zenye kelele. Kifuniko kilifinyangwa kwa kufuata pua ya kila mgonjwa, tena kilibandikwa kwa gundi kila usiku. Siku hizi mashine ni ndogo, inakaa juu ya stuli, na sauti yake ni ya chini. Ina mpira mrefu, na barakoa inayofungwa kwa mikanda kichwani. Juu yake utasoma herufi CPAP. Husomwa sipapu. Maana yake ni msukumo wa hewa usiokatika.

Watu wengi wanakosea jambo moja. Hewa hii siyo oksijeni ya mtungi. Ni hewa ile ile ya chumbani. Wala mashine haikupumulii. Unapumua mwenyewe, yenyewe inashika mlango wazi tu. Kwa hiyo haiponyeshi ugonjwa. Ukiivua, koo linarudia mambo yake usiku ule ule.

Kazi ni kuzoea

Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, na hapa nataka tukae kidogo.

Fundi wetu alipimwa katika hospitali kubwa. Alilala usiku mmoja akiwa amefungwa nyaya, na kidude kimebana kidole chake ili kupima oksijeni katika damu. Akaonekana anakatika pumzi mara 41 kwa saa. Akapata mashine. Usiku wa kwanza nyumbani mkewe alimtazama, akacheka.

"Loo, Baba watoto! Umekuwa kama bwana wa kunyunyizia pamba dawa!"

Bwana naye akacheka, lakini moyoni aliona aibu. Kupumua nje kulimpa shida. Ni kama kutoa kichwa dirishani mwa basi linalokwenda kasi, halafu ujaribu kupumua. Upepo ulivuja ukampiga machoni. Usiku wa manane alijikuta amevua barakoa, wala hajui aliivua saa ngapi. Wiki ya pili aliirudisha mashine katika boksi lake, akaisukumia uvunguni.

"Ile mashine umewaachia panya?" mkewe akauliza.

"Mama watoto, niache. Mimi siyo mgonjwa wa kufungwa mipira."

"Sawa. Lakini mimi ndiye ninayehesabu. Jana nimefika thelathini."

Maneno hayo yalimwingia. Walirudi kliniki wote wawili. Muuguzi hakumgombeza. Alimwambia kosa lake ni kutaka kuzoea usiku, wakati ana usingizi na hasira. Azoee mchana.

Basi akafanya hivi. Siku za kwanza alivaa barakoa peke yake, bila hewa, akiwa amekaa anasikiliza redio, nusu saa hivi. Alipoona haimbabaishi tena, akawasha hewa, bado amekaa, bado redio inasema. Halafu akajaribu usingizi wa mchana. Mwisho usiku. Akijikuta ameivua usiku wa manane, anaivaa tena bila kujilaumu. Mashine nyingi zina kitufe cha kuanza na hewa kidogo, ikaongezeka polepole mtu akishalala. Alionyeshwa kitufe hicho. Siku ya kwanza hakuna aliyekuwa amemwonyesha!

Upepo wa machoni ulikuwa na sababu yake. Barakoa ilikuwa kubwa kuliko uso wake, naye alikuwa anaikaza mikanda mpaka inamchora mashavu. Ukiona unakaza sana, ujue kipimo siyo chako. Omba nyingine. Mwenye ndevu nyingi naye hewa humvuja. Anayelala mdomo wazi anahitaji barakoa ya pua na mdomo pamoja, maana hewa ikiingia puani hutokea mdomoni. Pua na koo zikikauka, kipo chombo cha maji kinacholainisha hewa. Wengine asubuhi tumbo linajaa hewa, wanabeua. Hao wamwambie daktari. Usichezee namba za msukumo mwenyewe.

Usafi usiuache. Sehemu inayogusa uso ioshwe kila siku kwa maji na sabuni laini, ianikwe kivulini. Maji ya chombo yamwagwe kila asubuhi. Yatumike maji maalumu yasiyo na chumvichumvi. Yakikosekana, tumia yaliyochemshwa yakapoa, siyo ya kisimani moja kwa moja. Na chujio la hewa lisafishwe au libadilishwe. Katika nyumba zetu hili ni jambo kubwa. Mashine inavuta hewa ya chumbani, na kama chumbani kuna vumbi au moshi, ndiyo utakaovuta. Iweke juu, mbali na sakafu. Jiko la mkaa lisiingie chumba cha kulala kabisa, mashine iwepo au isiwepo.

Umeme je? Mashine nyingi zinaweza kutumia betri ya sola kwa waya wake maalumu. Nyingine zinataka volti 12, nyingine 24, kwa hiyo muulize anayejua kabla hujaunganisha. Kuchemsha kile chombo cha maji ndiko kunakokula umeme mwingi. Ukizima joto lake, betri itakwenda mbali zaidi. Umeme ukikatika usiku, vua barakoa, ulale kwa ubavu.

Jambo jingine ni mashine za mtumba. Ndugu aliye ng'ambo anaweza kukuletea moja kwa nia njema. Lakini msukumo wake ulipangwa kwa koo la mtu mwingine. Tena mwaka 2021 kampuni ya Philips ilitangaza kurudishwa kwa mamilioni ya mashine zake, kwa sababu sponji iliyowekwa ndani kupunguza kelele iliweza kumeguka, na vipande vyake kuvutwa na mgonjwa. Mashine ya zamani ioneshwe kwanza kwa wataalamu.

Inafaa nini?

Kwa fundi wetu, baada ya wiki kama tatu za kuivaa usiku wote, mkewe alishtuka. Kilichomshtua ni ukimya. Aliweka mkono kifuani pa mumewe kuhakikisha yu hai. Maumivu ya kichwa ya asubuhi yalikwisha. Kuamka kwenda kukojoa mara nne kwa usiku kulifika mara moja. Watu wengi wenye apnia huamka kukojoa mara kwa mara, wakadhani ni uzee au sukari. Presha yake ilishuka kidogo. Kidogo, siyo sana, na vidonge vyake hakuviacha. Msumeno sasa anaushika akiwa macho.

Lakini tusiipambe mashine kupita kiasi. Mwaka 2016 yalitolewa matokeo ya utafiti mkubwa ulioongozwa kutoka huko huko Australia, wa watu zaidi ya 2,700 katika nchi 7. Wote walikuwa na apnia, na walikwisha kuwa na maradhi ya moyo au ya mishipa ya ubongo. Mashine haikupunguza idadi ya waliopatwa tena na maradhi hayo. Ila waliopewa mashine walipungukiwa usingizi wa mchana, wakawa na furaha zaidi, na siku zao za kukosa kazi zilipungua. Na kumbuka kuwa watu hao waliivaa kwa wastani wa saa 3 na dakika 18 tu kwa usiku. Nusu ya pili ya usiku koo lilikuwa halina mlinzi. Wapo wataalamu wanaosema kuwa hilo limechangia. Mimi naona hata bila ya hoja hiyo, kukaa macho mchana ni faida inayotosha kuvumilia mikanda.

Wala siyo kila mtu anahitaji mashine. Ugonjwa ukiwa mdogo, kupunguza mwili, kulala ubavu, na kuacha pombe jioni vinaweza kusaidia sana, maana pombe inazidi kulegeza koo. Wengine hushona mpira mdogo mgongoni mwa fulana ili wasiweze kulala chali. Wanachekwa, lakini wanalala.

Ukienda kwa daktari

Zahanati haina kipimo hiki, lakini ndiyo mahali pa kuanzia, wakuandikie barua ya kwenda mbele. Usiende peke yako. Nenda na anayelala karibu nawe, kwa sababu mgonjwa hana ushahidi. Ukiulizwa, "Unakatika pumzi usiku?" utajibu hapana, na utakuwa umesema kweli kadiri unavyojua. Mwenzako ndiye aliyehesabu. Kama kuna simu nyumbani, arekodi sauti ya usiku, ule mkoromo na ule ukimya wake, na mmpe daktari asikilize.

Ya kuzungumza kikundini: Je, hapa kijijini yuko mtu tuliyemwita mvivu kwa sababu ya kusinzia? Nani angeweza kuzungumza naye bila kumwaibisha? Na kwa nini fundi aliificha mashine uvunguni?