SOMO: KUFULI LA PILI KWENYE AKAUNTI YA CHUO

Masomo mengi katika ukurasa huu huhusu mishahara, likizo na mikataba. Leo tutajifunza habari za akaunti za chuo, yaani ile namba na neno la siri ambalo mwanafunzi hutumia kuingia kwenye barua pepe yake, matokeo yake na hesabu ya ada. Najua wapo watakaouliza: mchuma chai ana shughuli gani na akaunti ya chuo? Nitajibu kwa kueleza kosa nililolifanya mimi mwenyewe, maana fedha iliyopotea ilikuwa jasho la wachuma chai.

Katika tawi letu tunao mfuko mdogo wa elimu. Kila mwanachama hukatwa kidogo kila mwezi, na fedha hiyo husaidia watoto wa wenzetu walioko vyuoni. Mwaka 2023 mimi ndiye niliyekuwa mtunza mfuko. Siku moja nikapokea barua pepe kutoka kwa binti wa mwenzetu mmoja aliyekuwa mwaka wa pili. Iliandikwa kwamba mwenye nyumba anadai kodi na atamtoa kesho yake, kwa hiyo msaada wa muhula huo nisiupeleke kwenye simu yake kama kawaida, bali niupeleke moja kwa moja kwa namba ya mwenye nyumba. Niliitazama anwani, ilikuwa ileile ya chuo, herufi kwa herufi. Tena mwandishi alijua kiasi cha fedha na jina la tawi letu. Nikatuma shilingi 600,000. Jina lililojitokeza kwenye simu sikulijua, lakini mwenye nyumba pia sikumjua, nikabonyeza.

Baada ya siku nne binti akanipigia. "Mzee, mbona msaada wa muhula huu haujafika?" Nikamwambia, "Mwanangu, si uliniandikia mwenyewe?" Akanyamaza kidogo, kisha akaanza kulia.

Tulipochunguza tuliona jinsi mambo yalivyokwenda. Wiki kadhaa kabla ya hapo alipata barua iliyosema kwamba sanduku lake la barua limejaa, na abonyeze mahali fulani ili alifungue. Ukaja ukurasa wenye nembo na rangi za chuo, akaandika namba yake na neno lake la siri. Kumbe ukurasa ule ulikuwa wa mwizi. Tangu siku hiyo mwizi aliingia na kutoka apendavyo, akasoma barua zetu zote za nyuma, na ndiyo maana alijua kiasi cha fedha. Aliweka hata amri ndani ya sanduku kwamba barua yoyote itokayo kwangu ifutwe mara ifikapo. Mimi nilimjibu "nimekwisha tuma", na yeye hakuiona kamwe.

Chuo kile kilikuwa na kufuli la pili, bila malipo, lakini hakikumlazimisha mtu kulitumia. Binti hakuliwasha kwa sababu aliambiwa linakula bando. Simlaumu mtoto. Anayeshika fedha za watu hupaswa kupiga simu kabla ya kutuma, nami sikupiga. Nilizirudisha fedha za mfuko kidogo kidogo kutoka mshahara wangu, na nilimaliza mwaka 2024.

Sasa tuingie katika somo lenyewe. Kufuli la pili ni nini?

Fikirini mashine ya benki ya kutolea fedha. Unatumbukiza kadi, kisha unabonyeza namba ya siri. Aliyeokota kadi yako bila kujua namba amebeba plastiki tu. Aliyechungulia namba begani kwako bila kupata kadi hana cha kutumbukiza. Hivyo ni vitu viwili vya aina mbili, kimoja kiko kichwani mwako na kingine kiko mkononi mwako. Aina ya tatu ni mwili wako, kama kidole au uso. Wengi hukosea hapa, wakadhani kuwa na maneno mawili ya siri ni kuwa na makufuli mawili. Sivyo. Yote mawili yako kichwani, na mwizi aliyekulaghai ukampa moja atakulaghai umpe na la pili.

Akaunti ya chuo yenye neno la siri peke yake ni kama benki isiyodai kadi. Mtu akilijua neno lile, hata akiwa nchi nyingine, mlango humfungukia. Ukiwasha kufuli la pili, chuo kitadai pia ushahidi kwamba simu ya mwanafunzi iko mkononi mwake.

Ushahidi huo huja kwa njia mbalimbali. Njia inayojulikana zaidi ni tarakimu zinazotumwa kwa ujumbe mfupi. Uzuri wake ni kwamba hata simu ndogo ya vitufe inatosha. Ubaya wake ni kwamba mwizi anaweza kuilaghai kampuni ya simu ikaihamishia namba yako kwenye laini yake, na tarakimu zikamfikia yeye. Hata hivyo, ni bora kuliko kukosa kabisa.

Njia ya pili ni programu inayowekwa ndani ya simu kubwa, kwa mfano Google Authenticator. Hapa ndipo nirudi kwenye lile neno la bando. Programu hiyo hutoa tarakimu 6 ambazo kwa kawaida hubadilika kila sekunde 30. Watu hudhani tarakimu zile zinatoka mbali kupitia mtandao. La. Siku ya kwanza akaunti na simu hupeana siri moja, na tangu hapo kila upande hupiga hesabu yake kwa kutumia siri ile pamoja na saa. Ndiyo maana majibu hulingana bila kuzungumza. Zitatokea hata ukiwa katikati ya shamba pasipo mtandao, na kuzitoa hakuli bando hata kidogo, ili mradi saa ya simu ni sahihi. Laiti binti yule angelijua hilo!

Njia ya tatu ni kifaa kidogo kama ufunguo, kinachochomekwa au kugusishwa kwenye kompyuta au simu. Hiki ndicho chenye nguvu kuliko zote, kwa sababu hakijibu ukurasa wa uongo hata ukipakwa rangi zote za chuo. Hujibu anwani ya kweli tu. Kampuni ya Google iliwalazimisha wafanyakazi wake, zaidi ya 85,000, kutumia vifaa vya namna hiyo tangu mwanzo wa mwaka 2017, na mwaka 2018 ilieleza kwamba hakuna hata mmoja aliyeibiwa akaunti ya kazi kwa ulaghai wa namna ile. Lakini vinauzwa, na si kwa bei ya mtoto wa mchuma chai.

Kwa hiyo wengi wetu tutabaki na tarakimu, na wenye tarakimu hawana budi kujua hila za wezi. Ukurasa wa uongo unaweza kukuomba na tarakimu pia, na mwizi akazitumia papo hapo. Mwingine atakupigia simu akijifanya wa ofisi ya chuo na kukuomba umsomee. Usimsomee mtu yeyote! Tena kuna makufuli yasiyotoa tarakimu bali huuliza, "Je, ni wewe unayeingia?" Mwaka 2022 mwizi aliyekuwa na neno la siri la mtu aliyefanyia kazi kampuni ya Uber alimtumia maswali ya namna hiyo mfululizo, kisha akamwandikia akijifanya fundi wa kampuni. Yule mtu akachoka, akakubali. Ukiulizwa wakati huingii popote, kataa, kisha badilisha neno la siri.

Na simu ikipotea? Huduma nyingi hutoa namba za akiba siku ya kuwasha kufuli. Ziandikwe kwenye karatasi, ziwekwe pamoja na vyeti nyumbani. Kuziweka ndani ya simu ileile ni kufungia ufunguo ndani ya nyumba.

Tusidhani jambo hili ni la wanafunzi tu. Mwaka 2025 kampuni ya Microsoft ilieleza habari za wezi walioshambulia vyuo vikuu vya Marekani wakitafuta mishahara ya wafanyakazi. Kwa kutumia akaunti 11 walizoziteka katika vyuo vitatu, walituma barua za ulaghai kwa akaunti karibu 6,000 katika vyuo 25. Wakiingia, walibadilisha namba ya benki ili mshahara uende kwao, na wakaweka amri ya kufuta barua za tahadhari, hila ileile iliyotupata sisi. Wengine waliandikisha hata simu zao wenyewe kama kufuli la pili la mfanyakazi. Akaunti zilizoibiwa ama hazikuwa na kufuli hilo, ama zilikuwa na la aina inayolaghaika.

Hapo chama kina neno la kusema. Wapishi, wasafishaji na walinzi wa vyuo nao wana akaunti. Mwajiri akidai kufuli la pili, ni haki. Lakini asimwambie msafishaji anunue simu kubwa kwa mshahara wake. Atoe kifaa, na mafunzo yafanyike saa za kazi. Jambo hili liingizwe katika madai ya mkataba kama tulivyoingiza viatu na glavu.

KAZI YA KIKUNDI: Kabla ya mkutano ujao, kila mwenye mtoto chuoni ampigie simu amuulize kama kufuli la pili limewashwa, ni la aina gani, na namba za akiba ziko wapi. Majibu yaletwe kikundini. Pili, tangu mwaka 2023 tawi letu halitumi fedha kwa namba mpya mpaka mtunza mfuko amesikia sauti ya mwanafunzi kupitia namba yake ya zamani. Jadilini: ikiwa simu yake ndiyo iliyoibiwa, tutamthibitisha kwa njia gani?