Hatari ya Kuacha Ghafla Dawa ya Shinikizo la Damu

Mchuuzi wa Kariakoo aliyeandikiwa vidonge vya propranololi aghalabu hujiona mzima baada ya wiki chache. Fedha zikipungua, huacha kuvinunua. Shinikizo la damu haliumi: uchunguzi wa Ilala na Hai uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kuwa, kati ya wenye shinikizo la juu, wasiofika 2 katika kila 10 ndio waliojua hali yao.

Katika moyo mna vipokezi viitwavyo beta. Adrenalini huingia humo kama ufunguo katika kitasa, na moyo hupiga mbio. Propranololi, iliyobuniwa Uingereza na James Black na wenzake katika miaka ya 1960, huviziba vitasa hivyo. Mapigo hupungua, shinikizo hushuka. Lakini mwili haukubali kunyimwa, nao huongeza vipokezi. Dawa ikikatwa ghafla, adrenalini huvikuta vitasa vingi kuliko awali, vyote wazi. Mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo aweza kupatwa na maumivu makali ya kifua, hata kufa. Kwa hiyo daktari huipunguza dawa kidogo kidogo, kwa wiki moja au mbili.

Vipokezi vya jamii hiyo vimo pia mapafuni, ambako kazi yao ni kutanua njia za hewa. Mwenye pumu akiazimwa kidonge na jirani (ukarimu wa mjini huo!) aweza kubanwa pumzi. Mwenye kisukari naye, sukari ikimshuka mno, huenda asisikie moyo kumwenda mbio wala mikono kumtetemeka. Dalili itakayombakia ni jasho.